Wati za Kweli

Nyuma ya sabufa iliyoko sebuleni kwangu, chini kabisa, karibu na mahali waya wa umeme unapoingilia, pamebandikwa kibati cha rangi ya fedha ambacho kwa muda wa miaka mitatu sikupata kukisoma, kwa sababu chombo hicho nilikinunua Kariakoo kwa kusoma kasha lake, na kasha lilikuwa limeandikwa kwa tarakimu nyekundu, kubwa kuliko jina la chombo chenyewe, kwamba nguvu yake ni wati 8,000 za PMPO. Kibati kinasema neno jingine. Kinasema kwamba chombo hiki hutumia umeme wa volti 230, na kwamba kikifanya kazi hula wati 60. Haihitaji elimu kubwa kujua kwamba kinachokula 60 hakiwezi kutoa 8,000, kama vile kibaba kimoja cha mchele hakiwezi kulisha harusi; na hata katika hizo 60, sehemu yake huishia katika joto kabla sauti haijafika katika spika. Muuzaji hakunidanganya kwa ulimi wake, kwani yeye mwenyewe alikuwa akisoma kasha lile lile nililokuwa nikilisoma mimi. Lakini neno lilikuwa la uongo, nami nililinunua kwa fedha ya halali.

Sikuigeuza sabufa hiyo nikasoma kibati chake mpaka niliporudi kutoka Maskati, ambako nilikaa siku nane nyumbani kwa mtoto wa ami yangu, na katika siku hizo nikasikiliza kila jioni kikuza sauti ambacho wapenda muziki wa nchi nyingi hukitaja kwa heshima. Niliyoyasikia huko ndiyo yaliyonipeleka nyuma ya sabufa yangu, nimepiga magoti, tochi mkononi.

Ndugu yangu huyo ni mmoja wa wale watu wengi wa Maskati ambao ukipita milangoni kwao baada ya magharibi utasikia Kiswahili cha Unguja kikisemwa kana kwamba Forodhani iko nyuma ya ukuta. Alikuwa mhandisi wa umeme mpaka alipostaafu, na katika nyumba yake ya Al Khuwair ametenga chumba kimoja kwa ajili ya santuri zake, chumba kisicho na televisheni wala saa ya ukutani, chenye zulia nene sakafuni na mazulia mengine mawili yaliyotundikwa ukutani ili kumeza mwangwi. Juu ya meza fupi ya msaji, mbele ya spika mbili zenye kimo cha mtoto wa miaka saba, ndipo alipokiweka kikuza sauti chake, MC275 ya McIntosh, kinachotengenezwa katika mji wa Binghamton, jimbo la New York, Marekani.

Chombo hicho kilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1961, kikaachwa kutengenezwa mwaka 1973 wakati transista zilipokuwa zimekwisha kuzisukuma valvu nje ya soko, kisha katika miaka ya 1990 kikarudishwa kwa sababu watu hawakuacha kukiulizia. Kina uzito wa kilo 30 hivi, na uzito wote huo aghalabu ni wa transfoma tatu kubwa nyeusi zilizopangwa nyuma yake kama masanduku ya bahari. Mbele ya transfoma hizo, juu ya bamba la chuma lililosuguliwa mpaka likawa kioo, zimesimama valvu wazi bila kifuniko: saba ndogo, kiasi cha kidole gumba, na nne kubwa za namna inayoitwa KT88, ambayo asili yake ni Uingereza mwaka 1956. Ukiwasha, husikii kitu. Yapita nusu dakika, nyuzi zilizo ndani ya valvu zaanza kuona haya, kisha zawa nyekundu, kisha rangi ya kaa la moto lililofunikwa majivu, na chumba chote kinapata harufu ile ya vumbi lililopashwa joto ambayo kila aliyekulia katika nyumba yenye redio ya valvu anaijua.

Hakuna taa za rangi zinazochezacheza kufuata ngoma. Hakuna hata kifundo kikubwa cha kupandisha sauti, kwa maana kazi hiyo hufanywa na chombo kingine kilicho mbele yake; hiki hupokea sauti ikiwa hafifu, mfano wa mnong'ono wa umeme, kikaitoa ikiwa na nguvu ya kusukuma spika, na katika kuipokea na kuitoa kinatakiwa kisizidishe kitu wala kisipunguze. Ni kazi ya mjumbe. Mjumbe mwema hatiwi sifa kwa maneno yake mwenyewe, bali kwa jinsi maneno ya aliyemtuma yanavyofika kwa aliyetumiwa.

Kuna kisa kimoja katika historia ya ujumbe huu ambacho nakipenda. Katika miaka ya 1920 Harold Black, mhandisi wa kampuni ya simu ya Marekani, alikuwa amesumbuka kwa miaka juu ya vikuza sauti vya simu za masafa marefu, kwani kila kikuza kilitia kosa lake dogo, na simu iliyopita katika vikuza vingi kutoka pwani moja ya nchi hadi nyingine ilifika imejaa makosa ya wote. Asubuhi ya tarehe 2 Agosti 1927, akivuka mto Hudson katika feri akienda kazini, jawabu likamjia, naye kwa kukosa karatasi akalichora juu ya ukurasa wa gazeti la The New York Times alilokuwa nalo mkononi: kwamba sehemu ya sauti inayotoka irudishwe nyuma mpaka mahali inapoingilia, ikiwa imepinduliwa, ili kosa likutane na kinyume chake na vyote viwili vifutane. Kikuza kinachofanya hivyo hupoteza sehemu ya uwezo wake wa kukuza. Hujihukumu kwanza, ndipo kiseme. Mwaka uliofuata Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja, alipanda meli kwenda Bombay kutiwa sauti yake katika santuri, na sina haja ya kumweleza msomaji wa pwani hii kilichofuata.

Frank McIntosh, aliyeanzisha kampuni yake mwaka 1949, na mwenzake Gordon Gow, walilishika tatizo mahali pengine. Katika kikuza cha namna hii, valvu hufanya kazi mbili mbili, moja ikivuta wimbi la sauti lipandapo na mwenziwe akilivuta lishukapo, kama wapasua mbao wawili na msumeno mmoja, mmoja juu ya gogo na mwingine shimoni. Kila aliyewaona wapasua mbao anajua kwamba ubao hauharibikii katikati ya mvuto, huharibikia pale mmoja anapomwachia mwenziwe. Wakipishana hata kidogo, meno ya msumeno huruka na ubao hupata kovu. Wimbi la sauti hali kadhalika hupata kovu pale linapohama kutoka valvu hii kwenda ile. Dawa yao, ambayo waliipatia hataza mwaka huo huo wa 1949, ilikuwa kusuka nyuzi mbili za transfoma pamoja, ubavu kwa ubavu, tangu mzingo wa kwanza hadi wa mwisho, hata valvu mbili zikawa hazina nafasi ya kuachana. Kusuka transfoma ya namna hiyo ni kazi ngumu na ghali. Ndiyo sababu mojawapo ya bei ya chombo hiki, bei ya maelfu ya dola ambayo simshauri mtu mwenye ada za shule za kulipa aifikirie.

Sasa niseme juu ya kusikiliza.

Jioni ya kwanza ndugu yangu aliweka santuri ya Ikhwani Safaa, kikundi cha taarabu kilichoasisiwa Unguja mwaka 1905, na akapunguza sauti mpaka kiasi ambacho watu wawili wangeweza kuzungumza juu yake bila kuinua koo. Nilidhani atapandisha. Hakupandisha. Tukakaa katika sauti ile ya chini, na baada ya dakika chache nikaanza kuona vitu. Nasema kuona kwa makusudi, maana fidla zilikuwa zimekaa mkono wa kushoto, si katika spika bali nyuma yake, kama hatua mbili ndani ya ukuta. Nai ilikuwa katikati na juu kidogo. Na dabali besi, ambayo kwangu siku zote ilikuwa mvumo usio na mwili, ilikuwa na mbao, na kidole, na uzi ulioachiwa. Kanuni ina nyuzi tatu kwa kila sauti moja, na mpigaji huzikwangua zote tatu pamoja. Kwa miaka yote nimesikia sauti moja. Usiku ule nikasikia tatu, na ya tatu ikiwa imelegea kiasi cha unywele, na katika kulegea kwake ndimo ulimokuwa mng'ao wote wa ala ile.

Kisha kulikuwa na kimya. Baina ya beti, pale waimbaji wa kiitikio wanapongoja zamu yao, kuna muda mdogo ambao hakuna anayeimba wala kupiga, na chombo kisicho chema huujaza muda huo kwa mvumo wake, ule wa umeme, ambao masikio yetu yamezoea hata hayautaji tena. Hapa hapakuwa na mvumo. Palikuwa na chumba kile walichoimbia, na mtu mmoja aliyevuta pumzi.

Nilimwambia ndugu yangu kwamba valvu zake zina utamu wa ajabu. Akanyamaza kidogo, akamimina kahawa, akaniambia: "Kaka, utamu huo usiusifu kabla hujaujaribu. Kesho inshallah tutaujaribu."

Siku ya pili akaleta kikuza kingine, kidogo cha transista, chenye wati 20 kila upande, ilhali kile cha McIntosh kina 75, alichokinunua kwa bei isiyofika hata sehemu ya kumi ya kile kikubwa. Akaviunga vyote viwili kwa swichi moja, akaufunika mlolongo mzima kwa shuka, akachukua kipimo cha umeme na kulinganisha volti zinazofika katika spika mpaka zikawa sawasawa, kwa kuwa, kama alivyonieleza, sauti iliyozidi hata kwa kiasi ambacho sikio halikitambui kama kuzidi, sikio hulihesabu zidio hilo kuwa ni ubora. Wauzaji wengi hulijua jambo hilo. Akapiga santuri ya udi peke yake, sauti ya chini, akaniambia niseme mara kumi ni kipi kinachopiga.

Nilipata tano. Hata mtu aliyerusha sarafu angepata tano.

Nakiri kwamba nilisononeka, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuandika moyoni sifa za joto la valvu na wororo wake, na sifa zote hizo zilikuwa zimetoka machoni, katika ile rangi ya kaa na kile chuma kilichong'arishwa, wala hazikutoka masikioni. Wala si mimi wa kwanza kupatwa na hilo. Mwaka 1978 huko Uingereza kampuni ya Quad ilijaribiwa vikuza vyake vitatu mbele ya wasikilizaji waliozoea kazi hiyo, kimoja kikiwa cha valvu cha mwaka 1953 na viwili vya transista, sauti zikiwa zimelinganishwa na vyombo havionekani. Wasikilizaji hao hawakuweza kuvitofautisha. Watu wameubishania ushahidi ule mpaka leo. Mimi, baada ya tano zangu, siubishii.

Lakini majaribio yalikuwa hayajaisha. Ndugu yangu akarudisha santuri ya Ikhwani Safaa, akapandisha sauti mpaka kiasi cha mtu aliyekaa safu za mbele ukumbini, akanitaka nirudie. Safari hii nilipata tisa katika kumi, na sikuhitaji kufikiri. Kila fidla zote zilipoingia pamoja na akodiani, na kiitikio kikainuka, na dumbak ikapigwa ule mpigo wake wa katikati unaotikisa kifua, kikuza kidogo kilifanya kitu ambacho siwezi kukiita kelele, kwa maana hakikuwa kelele, kilijikunja. Fidla zikawa ngumu kama bati. Dumbak ikapoteza kitovu chake ikabaki ngozi tupu. Waimbaji wakasongamana mlangoni. Swichi ikageuzwa, na watu wale wale wakawa wamesimama kila mmoja mahali pake, hakuna aliyemkanyaga mwenziwe, na mpigo ukaja mzima na kwenda zake.

Hapa ndipo penye ilimu ambayo sabufa yangu ilinificha, na namwomba msomaji anivumilie nimweleze hesabu yake, kwa kuwa ni hesabu ndogo yenye faida kubwa. Spika za kawaida za nyumbani, zikipewa wati 1 tu, hutoa kwa msikilizaji aliye umbali wa mita 1 sauti ya desibeli 88 hivi, nayo ni sauti ya kutosha kumfanya mtu wa chumba cha pili aje kuuliza kulikoni. Jioni ile ya kwanza, katika sauti ile ya chini iliyonifumbua macho, tulikuwa tunatumia sehemu ndogo tu ya wati moja. Tena sikio letu halihesabu kama duka linavyohesabu: ukizidisha nguvu mara mbili, hulisikii ila ongezeko dogo, desibeli 3, na ukitaka sauti ionekane imekuwa kubwa maradufu, huna budi kuzidisha nguvu mara 10. Basi anayetoka wati 20 akaenda 75 kwa kutafuta makelele amepoteza fedha zake, maana ongezeko lenyewe halifiki hata desibeli 6.

Zinatakiwa za nini basi? Zinatakiwa kwa sababu muziki hautembei kwa hatua sawa. Mpigo mmoja wa ngoma, au kukwanguliwa kwa kanuni kwa nguvu, huweza kupanda desibeli 20 juu ya wastani wa wimbo, na desibeli 20 maana yake ni nguvu mara 100. Ukisikiliza kwa nusu wati, mpigo huo kwa kitambo kifupi kuliko kupepesa jicho unadai wati 50, kisha unaondoka. Kikuza chenye 75 kinazo. Kinazitoa, kinazirudisha ghalani, na msikilizaji hajui kwamba kitu chochote kimetokea. Chenye 20 hakina, nacho hakiwezi kusema sina, kwa hiyo hulikata wimbi kileleni kama mtu akataye vichwa vya mtama, na lile tambarare lililobaki mahali pa kilele ndilo lile bati nililolisikia katika fidla. Kumbe nguvu ya kikuza sauti ni akiba. Ni kama maji ya birika la msikiti: hayakuwekwa ili yamwagike yote kwa mtu mmoja, yamewekwa ili wa mwisho kutawadha asikose.

Katika siku zilizobaki hatukukifunika tena kwa shuka. Tukasikiliza mambo mengi, na mengine siyasemi kwa kuwa yalikuwa ya kawaida. Tukasikiliza pia nakala ya santuri za zamani za Siti, na nilikuwa na shauku ya kujua kama chombo kama kile kingemleta karibu. Hakikumleta. Mkwaruzo wa sindano ulikuja pamoja naye, dhahiri na wenye nguvu kuliko nilivyouzoea, na sauti yake ikawa ndani ya mkwaruzo huo kama mtu anayeita kutoka upande wa pili wa mvua. Hilo nalo nalihesabu katika sifa za kikuza, kwa maana chombo ambacho kingeyafuta makwaruzo kwa kujipendekeza kwangu kingefuta na kingo za sauti yake. Mara moja, katika kuvuta neno la mwisho wa ubeti, alipopunguza koo badala ya kulipandisha, nilisikia uamuzi wake. Mvua haikuuficha.

Ndugu yangu hakukionea chombo chake fahari kwa sababu ya valvu. Alikionea fahari kwa sababu ya tarakimu 75. Tarakimu hiyo imesimama tangu 1961, na maana yake haikubadilika: ni nguvu ambayo chombo kinaitoa mfululizo, kila upande, pande zote mbili zikifanya kazi pamoja, bila kupotosha sauti kwa zaidi ya nusu ya asilimia 1. Na waliokitengeneza hawakutaka waaminiwe bure. Kuanzia mwaka 1962 walimtuma mtu wao, Dave O'Brien, azunguke Marekani kwa gari lililojaa vipimo, akiweka meza katika duka la mji huu leo na la mji ule juma lijalo, na mtu yeyote aliruhusiwa kuleta kikuza chake, kiwe cha McIntosh au cha mshindani wao, kikapimwa mbele yake bila malipo, naye akapewa karatasi iliyochorwa mstari wa ukweli wa chombo chake. Waliziita kliniki. Zilidumu kwa karibu miaka 30. Nafikiri juu ya watu walioshika karatasi zile wakirudi nyumbani, wengine wakiwa wamefurahi na wengine wakiwa wamegundua, kama nilivyogundua mimi na tochi yangu, kwamba neno la kwenye kasha lilikuwa kubwa kuliko kilichomo ndani.

Kwa kuwa Marekani yenyewe ilipitia aibu hii hii. Katika miaka ile watengenezaji kila mmoja alikuwa na kipimo chake cha wati, mmoja akihesabu kilele cha kitambo kidogo, mwingine akizidisha kilele hicho mara mbili, wa tatu akijumlisha pande zote, hata chombo kimoja kikaweza kuwa na nguvu nne kulingana na gazeti ulilolisoma. Mwaka 1974 tume ya serikali ya nchi hiyo inayosimamia biashara ikatoa kanuni: anayetangaza nguvu za kikuza sauti cha nyumbani lazima ataje nguvu ya mfululizo, ataje ukinzani wa spika, ataje masafa ya sauti na kiasi cha upotoshaji, na kabla ya kupimwa chombo kifanyishwe kazi saa nzima kwa theluthi ya nguvu yake, ili kipimwe kikiwa na joto la kazi na si baridi ya dukani. Kanuni hiyo haikuziba midomo yote, lakini iliwapa wanunuzi neno moja lenye maana moja.

Sisi hatuna neno hilo. Nimepita Kariakoo tena juma lililopita nikayasoma makasha moja moja: PMPO 5,000, PMPO 10,000, na moja lililoandikwa tarakimu ambayo, kama ingekuwa kweli, ingetosha kuzima taa za mtaa mzima. PMPO si kipimo. Haina kanuni inayokubaliwa na mafundi, haina muda, haina ukinzani, haina kiasi cha upotoshaji. Kila kiwanda huiandika kipendavyo. Nao wanaonunua vyombo hivi si matajiri waliopoteza hela za pumbao. Ni kijana anayefungua kinyozi, ni mama anayepigisha muziki katika shughuli za watu, ni madrasa inayochanga kwa ajili ya maulidi, na kila mmoja wao anailinganisha 5,000 na 10,000 na kulipa zaidi kwa ajili ya sifuri ambayo haimo ndani ya boksi. Halafu, kwa kuwa chombo hakina akiba, wanakipandisha mpaka mwisho, nacho kinakata vilele, nasi majirani tunasema muziki wa siku hizi unaumiza masikio. Aghalabu si muziki unaoumiza. Ni vile vilele vilivyokatwa.

Hatuuzi nyama bila mizani iliyopigwa muhuri, wala hatujazi petroli katika pampu isiyokaguliwa. Rai yangu kwa wenye mamlaka ya vipimo na viwango ni kwamba kikuza sauti kinachoingia nchini kiandikwe kwa Kiswahili juu ya kasha lake, kwa herufi zisizopungua zile za PMPO, wati zake za mfululizo, na kando yake wati kinazokula, ili mnunuzi aziweke tarakimu mbili pamoja na ajionee.

Na wakati tunangoja kanuni, kliniki yaweza kuanza bila kumngoja mtu. Vyuo vyetu vya ufundi vinao vijana wanaosoma umeme, na vifaa vinavyohitajika havizidi vilivyomo katika karakana zao: ukinzani mkubwa wa omu 8 kushika mahali pa spika, chombo cha kutoa sauti ya kipimo, osiloskopu ya kuonyesha ni wapi wimbi linaanza kukatwa kileleni, na kipimo cha volti. Volti zikizidishwa kwa zenyewe na kugawanywa kwa 8, jawabu ni wati. Volti 20 ni wati 50, wala hakuna siri nyingine. Wakiweka meza moja katika viwanja vya Sabasaba mwezi wa Julai, na karatasi ya kumwandikia kila mtu wati zake za kweli, watapata foleni. Mimi nitafika mapema, na sabufa yangu nitakuwa nimeibeba.